Mashamba yana wenyewe, lakini njia ni ya wote

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha asubuhi, mzee mmoja alinipigia simu studio. Binti yake anaishi England na alikuwa amemtumia picha: amesimama katikati ya shamba la ngano, ngano imemfika kiunoni, kijia chembamba kinaelekea ng'ambo. "Mwanangu," mzee akaniuliza, "kule mashamba hayana wenyewe?"

Yana wenyewe, baba. Ila haki ya kupita pale ni ya watu wote.

Kwa sheria ya England na Wales, njia ambayo watu wameipita waziwazi kwa miaka 20 mfululizo, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, inaweza kutambuliwa kuwa njia ya umma. Ikishaingia kwenye ramani rasmi ya halmashauri, inabaki hivyo hata shamba likiuzwa mara kumi. Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia ya miguu inayokatiza shambani, lakini lazima airudishe. Akilima kwa ajili ya kupanda, ana siku 14, na upana usipungue mita moja. Kuna hata kifungu cha madume: dume la ng'ombe wa maziwa aliyezidi miezi 10 haruhusiwi kuachwa huru kwenye malisho yanayopitiwa na njia hiyo. Wafugaji mnaonisikiliza mnajua kwa nini. Dume la Friesian halina utani.

Msidhani wenye ardhi walitoa haya kwa hiari. Tarehe 24 Aprili 1932, vijana wapatao 400, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda mlima Kinder Scout. Mlima ule ulikuwa umefungwa ili matajiri wawinde ndege wafananao na kwale. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20 tu. Walipambana na walinzi wa mawindo, na baadaye vijana watano walifungwa jela, kati ya miezi miwili na sita. Adhabu ile iliwaudhi wengi kuliko kosa lenyewe. Mwaka 1949 bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na njia za mashambani, na mwaka 1965 ikafunguliwa njia ndefu iitwayo Pennine Way, kama kilomita 430. Inaanzia Edale, kijiji kilicho chini ya mlima uleule, karibu na baa iitwayo Old Nags Head, na inaishia kwenye baa nyingine, Border Hotel, huko Scotland.

Baa tena? Ndiyo. Msifikirie muziki mkubwa na taa za rangi. Baa ya kijijini kule ni mahali pa kula, kuota moto na kuulizia njia. Nyingi zina bango lenye picha nje, desturi iliyoanza zamani wakati watu wengi hawakujua kusoma. Picha ya meli ni Ship, picha ya mti wa mwaloni ni Royal Oak, na huo mwaloni una kisa: mwaka 1651, baada ya kushindwa vitani Worcester, Charles wa Pili alijificha juu ya mti kama huo askari wakimtafuta.

Pwani nako kuna lake. Njia ya pwani ya kusini-magharibi, kutoka Minehead hadi Poole, ina urefu wa kilomita 1,014 hivi. Wanaoipita hulalamika kwamba haina huruma: inapanda jabali, inashuka kwenye ghuba, inapanda tena, kutwa nzima. Sababu ni magendo. Zamani ushuru wa chai, brandi na tumbaku ulikuwa mkubwa, na watu wa pwani walishusha mizigo usiku kwenye vighuba vilivyojificha. Kikosi cha walinzi wa pwani kilichoundwa mwaka 1822 kililazimika kuchungulia kila ghuba, kwa hiyo nyayo zao zikafuata ukingo wa bahari hatua kwa hatua. Mtalii wa leo anakanyaga palepale doria ilipokuwa ikipita. Ndani ya ghuba hizo kuna vijiji vya wavuvi, na ndani ya vijiji, baa zinazojisifia kuwa ziliwahi kuficha mapipa. Nyingine nadhani zinajisifia zaidi ya ukweli.

Nilipomaliza kumweleza, mzee alikaa kimya kidogo. Kisha akasema njia yao ya kwenda mtoni imezungushiwa seng'enge tangu mwaka jana, na akina mama sasa wanazunguka mbali na ndoo kichwani. Sheria ya miaka 20 ya Waingereza haifanyi kazi kwetu, hilo nilimwambia wazi. Lakini ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ni mahali pa kuuliza nani aliruhusu uzio ule. Nikamshauri asiende mikono mitupu: aende na watu wanaokumbuka njia ilianza kupitwa lini. Kule England nako, kesi nyingi za njia huanza na wazee wanaoandika wanachokumbuka.

"Wapo wawili," akasema. "Wameniacha mbali kwa umri."