Zabibu za Mosel: kwa nini baridi humchagulia mkulima mbegu

Mkulima wa zabibu wa Dodoma anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mwenzake wa bonde la mto Mosel, magharibi mwa Ujerumani, huvuna mara moja tu, na baridi ikimwahi, kazi ya mwaka mzima imepotea. Tueleze basi jinsi baridi inavyoamua apande nini na mvinyo wake uwe na ladha gani.

Mzabibu unaolala

Kule mzabibu hupukutisha majani na kulala majira yote ya baridi. Huchipua mwezi Aprili, na zabibu huvunwa Septemba na Oktoba. Hatari kubwa ni sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, inapoanguka machipukizi yakiwa bado machanga. Mwishoni mwa Aprili 2024 iliunguza mashamba mengi kwenye vijito vya Saar na Ruwer vinavyoingia Mosel.

Muda mfupi au muda mrefu?

Mkulima wa mahindi hujiuliza swali hili kila msimu, na wa Mosel pia. Riesling, aina inayochukua zaidi ya nusu ya mashamba ya huko, ni ya muda mrefu. Huchelewa kuchipua, hivyo mara nyingi huikwepa sakitu, lakini huchelewa pia kuiva. Kwa hiyo hupewa ardhi bora: miteremko inayotazama kusini, penye mawe bapa meusi yanayotunza joto la jua hadi usiku. Mteremko wa Calmont, kijijini Bremm, umesimama kwa zaidi ya nyuzi 60. Trekta haipandi; kazi kubwa hufanywa kwa mikono.

Müller-Thurgau ni ya muda mfupi. Ilizalishwa mwaka 1882 na mtaalamu wa Uswisi, Hermann Müller. Huiva mapema, huzaa sana na hukubali mashamba ya tambarare, ila mvinyo wake hauna nguvu ya ladha kama wa Riesling. Elbling, aina ya kale, hulimwa zaidi karibu na mpaka wa Luxemburg. Ni chachu sana, na hufaa kwa mvinyo wenye mapovu.

Kutoka uchachu hadi utamu

Penye baridi, sukari hupanda polepole ndani ya zabibu na uchachu haupotei haraka. Hamira hugeuza sukari hiyo kuwa kileo. Ikiachwa imalize kazi, hupatikana mvinyo usio mtamu, ambao chupa yake huandikwa "trocken", yaani mkavu. Ikisimamishwa mapema, sukari hubaki na kileo huwa kidogo, pengine asilimia 8 tu. Uchachu ndio unaozuia utamu huo usichoshe.

Majina mengine ya kwenye chupa hufuata kiasi cha sukari iliyokuwamo katika zabibu. Kabinett ni mwepesi. Spätlese hutokana na zabibu zilizochelewa kuvunwa, na Auslese na vichala vilivyoiva zaidi, vilivyochaguliwa. Eiswein, mvinyo wa barafu, huhitaji zabibu zigande mtini kwa nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi. Zikikamuliwa, maji yaliyoganda hubaki na ganda, ikatoka juisi nzito na tamu mno.

Hali inabadilika

Katika majira ya baridi ya 2019 kuingia 2020, hakuna eneo hata moja la Ujerumani lililovuna Eiswein, kwa mara ya kwanza. Joto linaloongezeka limeisaidia Riesling kuiva vizuri, lakini pia huiamsha mapema, wakati sakitu haijaisha. Mkulima aliyetegemea kuchelewa kwake sasa hawezi kulala usingizi wa Aprili.