Nani Alitangulia? Kompyuta Nyingi na Saa Zisizolingana

Mtu mmoja ana shilingi 1,000 benki. Anaomba shilingi 800 katika tawi la Mwanza. Wakati uo huo mkewe anaomba shilingi 800 za akaunti hiyo hiyo katika tawi la Dar es Salaam. Kila tawi lina kompyuta yake. Zote mbili zikilipa, benki imetoa shilingi 600 zisizokuwamo. Hapana budi kompyuta hizo zikubaliane ni ombi lipi lililotangulia.

Msomaji atauliza: je, haitoshi kutazama saa? Haitoshi. Saa mbili hazilingani daima. Moja hukimbia, nyingine huchelewa, na ujumbe nao huchukua muda njiani.

Aliyelifumbua fumbo hili ni Leslie Lamport, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1941 na kusomea hisabati. Katika makala yake ya mwaka 1978 alianza na jambo ambalo hata mtoto hulijua: barua haiwezi kupokelewa kabla ya kupelekwa. Basi kila kompyuta na ihesabu matukio yake, na kila ujumbe ubebe hesabu ya mpelekaji. Kompyuta iliyofika 3 ikipokea ujumbe wenye namba 7, huruka hadi 8. Namba zikiwa sawa, hutangulia kompyuta iliyowekwa mbele katika orodha iliyokubaliwa tangu mwanzo. Kwa njia hii maombi yote hupangwa katika foleni moja. Huenda mume ndiye aliyefika kwanza dirishani, na foleni ikamtanguliza mke, hilo halidhuru. Linalodhuru ni kompyuta mbili kuwa na foleni mbili.

Lakini itakuwaje kompyuta moja ikizimika? Jibu la Lamport ni kufuata walio wengi. Kompyuta zikiwa 5, uamuzi hupita zikikubali 3. Makundi mawili yoyote ya kompyuta 3 kati ya 5 hayakosi kuwa na mwanachama mmoja wa pamoja. Huyo ndiye shahidi wa uamuzi uliopita. Njia hiyo aliieleza kwa masimulizi ya bunge la kale alilolibuni mwenyewe, katika kisiwa cha Paxos huko Ugiriki. Aliyapeleka kwa wahariri mwaka 1990, yakachapishwa mwaka 1998.

Na ikiwa kompyuta inasema uongo? Mwaka 1982, pamoja na Robert Shostak na Marshall Pease, alilifananisha tatizo hilo na majemadari waliouzingira mji, mmoja wao akiwa msaliti. Walithibitisha kwamba, wakitumiana ujumbe usio na sahihi, majemadari 3 hawatoshi. Sharti wawe angalau 4.

Pembeni mwa kazi hizo, Lamport alijitungia programu ya kupanga maandishi ya kitabu alichokusudia kuandika, akiijenga juu ya programu ya TeX ya Donald Knuth. Aliona si vibaya wengine nao waitumie. Ndiyo LaTeX, ambayo leo wanahisabati na wanafizikia ulimwenguni huandikia makala zao.

Lamport alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2013. Lakini anayetoa fedha benki hahitaji kulijua jina lake. Humtosha kwamba akiba yake haikulipwa mara mbili.