Je, Wajua? Sauti ya taarabu ya Mombasa ilizaliwa Japani

Je, wajua kwamba ule mlio mkali unaotambulisha taarabu nyingi za Mombasa hautoki kwenye gitaa wala udi? Ni taishokoto, ala iliyobuniwa na Goro Morita mjini Nagoya, Japani, mwaka 1912. Ni sanduku jembamba la mbao lenye nyuzi, na juu yake vitufe kama vya taipureta. Mkono wa kushoto hubonyeza vitufe, wa kulia hupiga nyuzi. Kila kitufe kina noti yake, kwa hiyo mwanagenzi hahangaiki kutafuta pa kuweka kidole, tofauti na udi, ambao shingo yake haina alama yoyote.

Ilikuwa ala ya watu wa kawaida. Taishokoto ilifika India, ikaitwa bulbul tarang au banjo, na pwani yetu nayo ikaipokea. Ilifaana sana na nyimbo za mahadhi ya Kihindi alizovuma nazo mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Baadaye ikatiwa umeme ili isimezwe na ngoma.

Zanzibar ilijivunia fidla na kanuni. Mombasa, kwa maoni yangu, haikukosea kuichagua taishokoto. Ukialikwa harusi Makadara au Mji wa Kale, usimtazame mwimbaji peke yake: mtafute anayebonyeza vitufe.