Nani mwenye daftari la nambari za simu?

MKAZI wa Kaaga, viungani mwa mji wa Meru, alipotaka kupiga simu Arusha kwa laini ya kawaida, kwa miaka mingi alianza na 007, na mitambo ikajua kwamba simu hiyo inaelekea Tanzania. Simu ipitayo kwenye intaneti haina bahati hiyo. Intaneti haitambui nambari ya simu. Hutambua anwani za kompyuta. Hivyo, kabla ya kengele kulia upande wa pili, ni sharti aulizwe mtu: nambari hii yakaa wapi?

Jibu la kwanza lilipatikana mwaka wa 2000, wataalamu wa viwango vya intaneti walipobuni mfumo wa ENUM. Nambari hugeuzwa, tarakimu ya mwisho ikatangulia, kisha hutiwa nukta. Nambari ya Meru, ambayo kimataifa huanza kwa +254 64, huishia hivi: 4.6.4.5.2.e164.arpa. Hugeuzwa kwa sababu majina ya intaneti hutafutwa kuanzia kulia, aliko mwenye mamlaka makubwa zaidi. Kila nchi hukabidhiwa tawi lake kwa idhini ya serikali yake. Hapo ndipo penye utata, kwani pasipo idhini tawi halipo, nazo kampuni zinazofaidi ada za simu hazina haraka.

Mnamo 2004, Mark Spencer, muasisi wa programu ya Asterisk, alileta DUNDi, mfumo usio na mkuu. Kila mtambo huuliza majirani zake, nao huwauliza wao, hadi apatikane ajuaye. Mithili ya mgeni atafutaye nyumba kijijini. Bila shaka jirani mwongo aweza kudai nambari isiyo yake, ndiposa washiriki hufungwa kwa mkataba na kutambuana kwa funguo za siri.

Kenya iliwahi kuonja mvutano wa aina hii. Kituo cha KIXP, kilichowezesha mitandao ya humu nchini kubadilishana data bila kuzungukia ng'ambo, kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa mwezi uliofuata kwa amri ya tume ya mawasiliano baada ya Telkom Kenya kulalamika. Kilirejea Februari 2002.

Aprili 2011, wateja wa simu za mkononi waliruhusiwa kuhama kampuni bila kubadilisha nambari. Tangu hapo, 0722 pekee haithibitishi mtu yuko mtandao gani. Ni lazima hifadhidata ya pamoja iulizwe.