Mwendo wa Motokari na Mwili wa Mtu

Watu wengi wanawaza kwamba ajali za njiani ni neno la polisi tu, si neno la waganga. Lakini polisi anaandika karatasi yake na kurudi kwake, na mgonjwa analala hapa hospitali wiki nyingi, mguu wake umefungiwa kitu kizito cha kuuvuta. Shirika la Afya Ulimwenguni limehesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu 1,190,000 walikufa kwa ajali za njiani duniani pote. Kwa watoto na vijana wenye miaka 5 mpaka 29, hakuna ugonjwa unaoua wengi kupita ajali hizi. Kwa sababu hiyo tunataka kueleza jambo moja ambalo watu wanabishana sana juu yake: je, inafaa Serikali ipunguze mwendo unaoruhusiwa katika njia kuu?

Tuanze na mambo mnayoyajua. Ninyi nyote mmeona mtu aliyeanguka toka juu ya mti. Sasa, motokari inayokwenda kilometa 30 kwa saa ikigonga ukuta, nguvu ya pigo ni sawasawa na kuanguka toka meta tatu na nusu, yaani toka tawi la chini la mwembe. Mtu anaumia, lakini mara nyingi anapona. Kwa kilometa 60 ni sawa na kuanguka toka meta 14, juu kabisa ya mchikichi mrefu. Angalieni vizuri: mwendo uliongezeka mara mbili tu, lakini urefu wa kuanguka uliongezeka mara nne. Kwa kilometa 80 ni meta 25, na kwa kilometa 90 ni meta 32. Dereva anasema, “Nimeongeza kidogo tu.” Kumbe ameongeza meta saba juu ya mti ambao ulikuwa mrefu tayari.

Na ndani ya mwili kuna nini? Motokari inasimama ghafula, na kifua cha mtu kinasimama pamoja nayo, lakini ubongo na viungo vya tumboni vinaendelea kwenda mbele. Ubongo unapiga mfupa wa kichwa. Ini linapasuka. Katika nchi zetu tunaogopa zaidi juu ya wengu, kiungo kile cha upande wa kushoto chini ya mbavu. Kwa mtu aliyeugua malaria mara nyingi wengu huvimba, na wengu uliovimba hupasuka upesi. Mtu huyo anaweza kusimama baada ya ajali, hana kidonda, anawaambia watu, “Mimi ni mzima,” na damu inamwagika ndani. Baada ya saa chache anakuwa baridi, moyo unapiga mbio, naye anakufa nyumbani. Usimwache mtu aliyegongwa alale nyumbani kwa sababu tu hamwoni damu. Mleteni hospitali.

Pengine dereva atajibu: “Mimi ninajua kupiga breki.” Vema. Lakini macho yanapoona mtoto njiani, mguu unahitaji karibu sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo motokari ya kilometa 90 imekwisha kwenda meta 25, kama hakuna breki kabisa. Kisha ndipo inaanza kupunguza. Tuwaze motokari mbili katika lami kavu, zenye breki nzuri, moja inakwenda 80 na nyingine 90, na madereva wote wawili wanamwona mtoto mahali pamoja. Ya kwanza inasimama baada ya meta karibu 58. Mahali hapo hapo ambapo ya kwanza imesimama kabisa, ya pili ingali inakwenda kilometa karibu 47 kwa saa. Mtoto aliye meta 60 mbele hakuguswa na ile ya kwanza. Ile ya pili inamwua, au inamleta kwetu. Na hesabu hii ni ya lami kavu. Lami ikilowa kwa mvua, au matairi yakiwa yamelika, ni mbaya zaidi.

Hayo si hesabu za darasani tu. Nchi ya Ufaransa ilijaribu jambo hili machoni pa watu wote. Kule, zaidi ya nusu ya watu waliokufa kwa ajali walikufa katika njia za nje ya miji ambamo motokari zinapishana bila ukuta wa kuzitenga. Mwendo ulioruhusiwa ulikuwa 90. Tangu tarehe 1 Julai 2018, Édouard Philippe akiwa waziri mkuu, Serikali ilishusha mwendo mpaka 80. Watu walikasirika sana. Mwishoni mwa mwaka ule, katika maandamano makubwa, zaidi ya nusu ya mashine zinazopiga picha za wenye kwenda mbio ziliharibiwa. Kwa hiyo madereva hawakupunguza kilometa 10 kama sheria ilivyotaka. Walipunguza kilometa 3 hivi tu.

Hata hivyo, wapimaji wa Serikali walipolinganisha njia hizo na njia nyingine ambazo sheria yao haikubadilika, waliona kwamba katika miezi 20 watu karibu 349 walikuwa hai ambao wangalikufa. Kilometa tatu tu! Na wasafiri walipoteza nini? Sekunde moja hivi kwa kila kilometa. Lakini baadaye sheria ya mwisho wa mwaka 2019 iliruhusu wakubwa wa majimbo kurudisha 90, na wengi walirudisha. Mtu anayefika mapema anajijua. Mtu ambaye hakufa hajui kama aliokolewa, wala haendi kumshukuru waziri.

Hatusemi kila njia ipunguzwe sawasawa. Ufaransa hiyo hiyo ina njia kubwa ambazo mwendo wake ni 130, nazo hazina hatari kama zile ndogo, kwa sababu wanaokwenda na wanaorudi wametengwa, wala hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Mwendo ufuate njia ilivyo.

Na njia zetu zikoje? Njia ya matope humzuia dereva yenyewe. Mashimo ni polisi wake. Kisha lami inawekwa, watu wanafurahi, na sisi pia tunafurahi, kwa sababu wagonjwa wanafika upesi. Lakini kijiji kimebaki pale pale. Mama anabeba muhogo kando ya lami, watoto wanatoka shuleni, mbuzi wanavuka, na pikipiki moja imepakia watu watatu wasio na kofia ngumu. Kwa njia ya namna hii jibu letu ni ndiyo: mwendo upunguzwe, na ndani ya vijiji usipite kilometa 30. Kibao peke yake hakitoshi. Tuta lililojengwa vizuri na kupakwa rangi nyeupe halilali usingizi, wala halipokei fedha mkononi. Jirani zetu wa Rwanda, kwa amri ya mwaka 2015, waliagiza motokari za abiria zifungiwe chombo kinachozizuia kupita kilometa 60 kwa saa.

Madereva wengi hawakimbii kwa kiburi. Wanakimbia kwa sababu kila jioni wanapaswa kumpelekea mwenye motokari fedha iliyopangwa, na fedha hiyo inategemea hesabu ya safari. Tuhesabu basi. Kama njia inapita katika vijiji vitano, kila kimoja urefu wa kilometa moja, dereva anayekwenda 30 badala ya 60 ndani yao anapoteza dakika 5 kwa safari nzima. Ni mwenye motokari anayeweza kumwachia dakika hizo, na wengine wao tunakaa nao benchi moja kanisani.