Sambaza: Mgeni wa Tanganyika aliyeizoea Kivu

PITA Biryogo jioni, karibu na mikahawa, utakutana na harufu ya sambaza wakikaangwa. Sisi tuliosomea Kigoma ukimbizini twawajua tangu utotoni, maana ni lumbu wale wale wa Ziwa Tanganyika. Walipandikizwa Ziwa Kivu mwaka 1959, mwaka ule ule wazee wetu walipoanza kuikimbia nchi. Sisi tuliporudi, tuliwakuta wamekwisha kuwa wenyeji.

Kuwavua ni kazi ya usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, na wavu hushushwa majini. Taa huwashwa, samaki hupanda kufuata mwanga, kisha wavuvi huinua wavu kwa pamoja. Usiku mzuri ni wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika.

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini samaki huishi sehemu ya juu tu, kwani chini hakuna oksijeni. Kwa hiyo akiba ni ndogo kuliko macho yanavyodhani. Ndiyo sababu kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa takriban miezi miwili, sambaza wapate kuzaliana.

Hapo ndipo wewe mfanyabiashara wa Gisenyi na Goma unapohusika. Ukinunua leo sambaza wachanga walionaswa kwa chandarua kwa kuwa ni rahisi, kesho utarudi na beseni tupu. Mvuvi huvua kile anachojua kina mnunuzi.