Nilianguka mtihani mbele ya bahari



Nikiwa G2 ya fizike, nilipata 15 juu ya 20 katika mtihani wa mwendo wa maji na hewa. Formula ya Bernoulli ningeiandika hata na macho yamefungwa. Lakini Jumamosi moja, juu ya ukingo wa Torrey Pines kule San Diego, Marekani, nilianguka mtihani uleule mbele ya wazee watano wasio na sillabusi yoyote mkononi. Nawaelezea ju habari hii inatugusa siye bote.

Torrey Pines ni ukingo unaosimama karibu metre 100 juu ya bahari ya Pasifiki. Tangu miaka ya 1930 watu wanarusha pale ndege zisizo na moteri. Klabu iliyonialika inarusha ndogo, za kuongozwa na telekomande. Ile niliyoazimwa ilikuwa ya povu gumu, mabawa metre moja na nusu toka ncha mpaka ncha. Ndani iko batri, kipokezi cha radio, na vimota viwili vya kusukuma usukani tu. Propela hakuna.

Sasa inabaki juu namna gani? Ukweli ni kwamba ndege hii inashuka siku zote. Lakini inashuka ndani ya hewa, na kama hewa yenyewe inapanda haraka zaidi, ndege inapanda nayo. Fikiria mdudu anayetembea kushuka ndani ya ndoo ya kisima. Ukivuta ndoo mbio, mdudu atafika juu hata kama miguu yake inashuka. Tuseme ndege inashuka nusu metre kwa sekonde, na hewa inapanda metre 2 kwa sekonde: unapata metre moja na nusu kila sekonde, bila mafuta.

Hewa hiyo inatoka wapi? Jua linapasha nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, ile ya baharini inakuja kuchukua nafasi yake. Njo maana tulingoja mpaka mchana. Upepo ukigonga ukingo hauna njia ingine, unapanda. Lakini sikilizeni vizuri: ni mbele ya ukingo na juu yake kidogo. Nyuma ya ukingo hewa inajikunja na kushuka, sawa maji nyuma ya jiwe kubwa la mto.

Wazee walinipa sheria tatu. Kila kona, geuza kuelekea bahari. Mtu anayeruka na parapanti apewe njia siku zote, ju ndege ya povu inanunuliwa ingine, mtu hapana. Na kabla ya kutua, sema kwa sauti.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Halafu nikataka kuirudisha karibu. Ndege ikija kukutazama, kushoto na kulia vinabadilishana. Dawa yake ni rahisi: sukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka. Mimi nilisukuma upande mwingine. Ikainama zaidi, ikanipita juu ya kichwa, ikaingia nyuma ya ukingo na kuanguka kwenye vichaka. Pua ilivunjika.

Mzee aliyeniazima hakukasirika. Aliuliza tu: "Hewa ilikuwa inashuka wapi?" Nikanyamaza. Jibu nilikuwa nimelichora mwenyewe darasani miaka mingi mbele, mishale na yote. Niliona haya kuliko ningetukanwa. Akapaka gundi, akafunga skochi, akanirudishia: "Rusha tena." Kabla jua kuzama niliitua nzima.

Bandugu, darasa letu halikukosa mahali pa kufanyia TP. Tazameni Uvira: ziwa mbele, milima inasimama palepale nyuma ya mji. Mchana upepo wa ziwa unapanda mlimani, na mwewe anazunguka bila kupiga mabawa. Tulisoma Bernoulli tukiwa tumempa mgongo.

Siwaambii mununue telekomande. Kwetu, kwa hali ya sasa, kitu kinachoruka na radio kinaweza kudhaniwa droni ya vita, na mwanafunzi akalipa na maisha yake. Anzeni na kisichoruka. Tafuteni kilima mnachoruhusiwa kupanda, na mahali penye usalama. Chukueni fimbo tatu za metre 2, mufunge juu ya kila moja utepe wa mfuko wa plastiki. Moja chini ya kilima, moja kwenye ukingo, moja hatua 20 nyuma yake. Kila saa, asubuhi mpaka jioni, muandike utepe unaelekea wapi na kama unatulia ao unachezacheza. Mufanye vile kwa wiki moja.

Mkimaliza, muniulize swali lile la mzee. Nadhani mtajibu mbio kuliko mimi.